Matundu ya Chumba cha Uani

Jumapili, 6 Mei

Samira amekuja leo na shajara hii kutoka ofisini kwao Sandton. Jalada gumu, kila ukurasa na tarehe yake. Anasema tangu baba yake afariki naongea na masufuria, heri niongee na karatasi. Mwanangu huyu ana mdomo, sijui kaurithi kwa nani. Kwa vile mwaka umeshakatika, naanzia hapahapa Mei. Kurasa za nyuma nitaandikia mapishi.

Baridi imewahi mwaka huu. Asubuhi bomba la uani halishikiki. Wapangaji wa ndani wana maji ya moto ya umeme, lakini chumba cha uani hakina, na Mama Benita anayekaa kule anachemsha maji kwa birika mpaka umeme wa nyumba nzima unazima. Kisha wote wanagonga mlango wangu, kana kwamba mimi ndiye nimeukata. Nimeamua kumwekea hita ya gesi bafuni kwake.

Jumanne, 8 Mei

Fundi wa gesi aliyetafutwa na Samira amekuja, mwenye kadi ya usajili shingoni. Kapima, kaandika, kakataa chai. Anasema hita ikae nje ukutani, na mtungi nao ukae nje ndani ya kizimba cha chuma. Akimaliza ataniandikia cheti kwamba kazi ni salama. Nikamwambia cheti ampe mpangaji, si ndiye atakayeoga? Akasema hapana, mama, usalama wa gesi kwenye nyumba ya kupanga ni juu ya mwenye nyumba.

Nje, Bellevue hii? Mwaka jana waliiba geti lenyewe lililowekwa kuzuia wezi. Nilimweleza, akacheka, lakini hakubadili neno. Na hana nafasi mpaka wiki ya mwisho ya mwezi. Ramadhani inaingia, watu waoge maji ya barafu wakimsubiri yeye? Nimemwambia nitampigia.

Alhamisi, 10 Mei

Nimemwita Cédric. Ana karakana Doornfontein, anachomelea mageti, na Wakongo wengi huku hita zao kafunga yeye. Kaja asubuhi, jioni maji ya moto yanatoka. Hita iko ndani bafuni, mtungi chini ya sinki, kama nilivyotaka. Yeye naye alitaka nje. Nikamwambia nyumba ni yangu, wezi ni wa kwangu.

Alipomaliza alinionesha matofali yenye matundu juu ya ukuta, bafuni na chumbani. "Ile matundu usifunge, Mama. Hata baridi ikuwe namna gani. Bafu inapumua na pale."

Nikasema nimesikia. Nimesikia kweli, ndiyo maana naandika.

Mama Benita alipoona mvuke kapiga kigelegele uani mpaka wapangaji wakachungulia madirishani. Jina lake ni Angélique, mtu wa Bukavu, msusi kwenye saluni ya Yeoville. Anaimba akiosha vyombo, anaimba akifua. Mwanzoni alikuwa akinikera. Siku hizi akinyamaza naenda kumtazama.

Alhamisi, 17 Mei

Ramadhani kareem. Siku fupi za baridi zina raha yake, jua linazama mapema hata njaa haijapata nafasi.

Mama Benita anasema kanisani kwao nao wamefunga, siku ishirini na moja, kuomba makaratasi yao ya ukimbizi yatoke. Kina mama wa kikundi chake wanasali chumbani kwake kila jioni. Kwa hiyo nyumba nzima ina njaa, wa ndani kwa Mtume na wa uani kwa Yesu. Nimemtuma Benita na bakuli la uji wa pilipili manga. Mtoto wa miaka kumi na moja, Kiswahili anakisikia chote lakini akijibu anajibu Kizulu au Kiingereza. Mimi ananiita Gogo, bibi kwa Kizulu.

Jumatano, 23 Mei

Tambi leo. Zimeungua chini.

Ijumaa, 25 Mei

Jirani yetu Mma Seipati amekuja ukutani kwa mara nyingine. Ni Mtswana, mtu mzima, hana ugomvi. Anaondoka kazini alfajiri na ukuta wa chumba chake cha kulala unatazamana na chumba cha uani. Anasema maombi yamezidi. Akiendelea kukosa usingizi atawaita polisi wa kelele.

Polisi wakiingia hapa hawatauliza kelele. Watauliza makaratasi, na nusu ya nyumba hii wanasubiri makaratasi. Nilimwomba radhi mpaka nikaona aibu. Alisema jambo jingine mwishoni, kuhusu saa, lakini magari yalikuwa yanapita na mimi nilikuwa nishaanza kuwaza dawa.

Jumamosi, 26 Mei

Dawa nimeipata. Sauti haipiti ukutani, inapita kwenye matundu. Nimekatakata sponji la godoro kuukuu, nikapanda kigoda, nikasindilia kwa mpini wa mwiko, juu yake nikabandika utepe mpana wa kahawia. Mama Benita alikuwa ananishikia kigoda na kucheka.

Nilipofika la bafuni nilimkumbuka Cédric. Nikasimama kidogo. Lakini tundu hilo ndilo hasa linalotazama kwa Mma Seipati. Mlango wa bafu una upenyo chini, nikaona hewa itapita pale. Nikaliziba nalo.

Kisha tukajaribu. Yeye kaimba ndani, mimi nimesimama nje nimetega sikio. Nimesikia kama mtu anaimba mtaa wa pili. Nimejipongeza kutwa nzima.

Jumatatu, 28 Mei

Mma Seipati kanipungia mkono akitoka kazini. Amani.

Ijumaa, 1 Juni

Mama Benita anaumwa kichwa. Nimemwambia hicho ni kichwa cha mfungo, mimi nacho kilinishika wiki ya kwanza. Anywe maji mengi kabla hakujapambazuka. Akaniuliza sisi Waislamu dawa yetu nini. Nikamwambia subira na chai ya tangawizi.

Jumanne, 5 Juni

Baridi kali, nyasi za uani zimekuwa nyeupe. Benita anakohoa usiku, kwa hiyo leo nimempa mama yake khanga yangu kuukuu aikunje na kuziba upenyo wa chini ya mlango wa bafu, baridi isiingie chumbani. Tangu kesho mtoto atalala kwangu mpaka kifua kipone.

Kina mama wa maombi nao wanaumwa vichwa. Wanasema ni vita vya kiroho. Mama Benita alinieleza haya uso mkavu, nikashindwa kujizuia, nikacheka. Akacheka na yeye.

Jumamosi, 9 Juni

Siku zao ishirini na moja zimekwisha, makaratasi hayajatoka, wakaongeza siku. Mama Benita katapika asubuhi. Nikamuuliza kama ni mimba. "Mimba ya nani, Mama Samira? Mi hata mwanaume wa kuniuzia mkate sina."

Kichekesho ni kwamba akifika saluni kichwa kinapoa. Akirudi kwake kinaanza. Nimemwambia kichwa chake kinapenda wateja, hakipendi kufagia.

Jumapili, 10 Juni

Samira kauliza cheti cha gesi kiko wapi. Nikasema fundi atakileta. Hakuuliza fundi yupi.

Jumatano, 13 Juni

Mama Benita kanisuka kwa ajili ya Idi. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, juani, mimi chini kwenye jamvi na yeye juu yangu. Vidole vyake ni vyepesi, huvisikii, unasikia tu nywele zimekaa. Alisuka mistari inayokwenda nyuma na kuzunguka, na katikati ya kazi akaniambia mambo ya Bukavu, ya ziwa na ya mama yake, ambayo hajawahi kuniambia. Anasema anataka saluni yake mwenyewe na jina ameshalipata. Nikamuuliza jina gani, akasema ataniambia siku ya kufungua.

Mara mbili alisimama akashika kichwa. Nikamwambia afungue mfungo, Mungu hamkimbii.

Idi

Pilau, sambusa, watu tele. Nywele zangu zimesifiwa mpaka na wasioruhusiwa kuziona. Alhamdulillah.

Jumatatu, 25 Juni

Sijaandika kwa sababu mkono ulikuwa haukubali. Nitaandika sasa.

Juzi Jumamosi asubuhi nilikuwa nachoma vitumbua. Benita yupo jikoni kwangu, anakula vya moto kabla havijapoa. Mama yake anaoga ajitayarishe kwenda saluni. Nasikia maji yanatiririka, yanatiririka. Niliudhika, naandika kama ilivyokuwa, niliudhikia gesi. Nikatoka mlango wa nyuma nikaita, "Mama Benita, unaoga au unafua zulia?" Kimya. Nikarudi ndani nikageuza vitumbua. Nikageuza vitumbua, na yeye yuko chini kwenye sakafu.

Benita ndiye aliyekwenda kugonga. Akarudi, uso umebadilika. "Gogo, Mama hajibu." Kwa Kiswahili, mtoto ambaye hajawahi kunijibu Kiswahili.

Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nilichukua mchi wake wa kutwangia sombe, kisamvu chao, uliokuwa uani, nikapiga komeo mpaka mbao zikapasuka. Mlango haukufunguka vizuri, ile khanga yangu ilikuwa imekunjamana chini yake. Nikasukuma kwa bega. Alikuwa amelala ubavu na mashavu yamekuwa mekundu, kama mtu mwenye afya kuliko sote. Nikamburuta kwa makwapa mpaka uani. Nikapiga mayowe. Mma Seipati akaja mbio na gauni la kulalia, akamfunika, akapiga simu ya gari la wagonjwa, akanipigia kelele nikafunge gesi. Nikaenda nikafunga. Hata mimi kichwa kilinizunguka mle ndani kwa muda ule mdogo.

Hospitali daktari kijana alitueleza. Hita ya gesi ikikosa hewa inatoa sumu, nayo haina harufu wala rangi. Inamshika mtu taratibu, siku kwa siku, inaanza na kichwa na kutapika. Nilimwambia alikuwa amefunga. Akasema, "Mama, haikuwa mfungo."

Akaniuliza kama bafu lina matundu ya hewa. Nikasema yapo.

Akaniuliza ni nani alifunga hita. Nikamtajia jina la Cédric.

Nikarudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Nikapanda kigoda kilekile. Nikabandua utepe, nikachomoa sponji lote, nikalitia kwenye mfuko mweusi, mfuko nikauweka kwenye pipa la taka mtaa wa pili. Utepe uling'oa rangi, pale nikapaka chokaa. Benita alikuwa amelala kitandani kwangu na viatu.

Alhamisi, 28 Juni

Amefungua macho. Kamwita Benita kwa jina. Nimelia kwenye korido mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Jumapili, 1 Julai

Mchungaji wao alituma watu wanichukue. Ukumbi wao uko Doornfontein, ghorofani. Wakanisimamisha mbele, mimi na mtandio wangu, wakasema Mungu alimtuma mama Mwislamu kuvunja mlango wa mauti. Wakapiga makofi, wakaimba, wakanivisha kitenge kipya mabegani. Nilisimama pale. Nilikuwa na mdomo na sikuufungua.

Nikiwa natoka nikamwona Cédric. Amekaa kiti cha nyuma kabisa, na viti vya kulia na kushoto vyake vilikuwa vitupu.

Jumatano, 4 Julai

Cédric amekuja bila kuitwa. Kaomba ruhusa aangalie kazi yake. Kapima bomba la kutolea moshi, kalifungua, kalifunga. Kapanda juu akatia kidole kwenye matundu, akaona yako wazi. Akashuka akakaa juu ya ndoo. "Basi njo mimi," akasema. "Matundu iko wazi. Basi ni bomba yangu njo ilimuua."

Nikamwambia hajafa. Akasema watu wameacha kumpa kazi, lakini hilo si kitu, kitu ni kwamba haelewi alikosea wapi. Alilia kama wanaume wanavyolia, anatazama mbali. Nikampa chai. Chai! Ndicho nilichokuwa nacho cha kumpa.

Ijumaa, 6 Julai

Mma Seipati kaja na supu. Amekaa jikoni, akasema anajilaumu kwa kuwatishia polisi. Anasema kwa mwezi mzima hakuwasikia tena wakiimba, akadhani wamehama, na wimbo mmoja alikuwa ameshauzoea. Kumbe siku ile pale ukutani alichosema kuhusu saa ni kwamba alitaka tu wamalize saa tatu za usiku. Saa tatu. Wangekubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi, 14 Julai

Mama Benita ametolewa hospitali. Nimempa chumba cha mbele, kile cha kwangu, chenye jua. Mimi nimehamia cha marehemu mume wangu Bakiri, cha kuweka vitu.

Anacheka, anakula. Watu wanasema kapona. Lakini kaniuliza mara nyingi kama Idi bado, na mikono inatetemeka akishika kikombe. Daktari anasema mambo ya zamani yamebaki, haya mapya ndiyo hayashiki. Huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Jumanne, 17 Julai

Kachukua kitana akasema anisuke. Akagawa mstari, akaanza, akasimama. Akaanza tena kutoka mwanzo. Mara ya nne akaweka kitana chini na kuitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. Nilimwona kwenye kioo cha kabati, sikugeuka nyuma.

Saluni wamempa mtu mwingine kiti chake.

Ijumaa, 20 Julai

Samira amemleta yule fundi mwenye kadi. Safari hii hakuniuliza. Amekagua gesi na majiko ya nyumba nzima, ile hita ameing'oa, akasema mpya itakaa nje na kizimba chake. Mwisho akapanda kwenye matundu ya bafuni na tochi. Akaingiza koleo jembamba, akachomoa kipande cha sponji kilichobaki kwa ndani. Cha manjano, hakifiki ukubwa wa kidole. Akakwaruza chokaa, gundi ya utepe ikaonekana.

"Nani aliyaziba haya?"

Samira alikuwa mlangoni. Nikasema ni mimi.

Fundi aliandika, hakunitazama. Samira alitoka akaenda kukaa kwenye gari lake. Nilidhani ameondoka. Alirudi akasimama mbele yangu, macho mekundu, baba yake mtupu. "Mama, utawaambia wewe, au niwaambie mimi?"

Usiku nimerudi ukurasa wa tarehe 10 Mei. Nimesikia, niliandika. Kwa mwandiko mzuri.

Jumapili, 22 Julai

Nimekwenda karakanani kwa Cédric. Hafanyi kazi Jumapili lakini alikuwepo, amekaa, mashine zimezimwa. Nilimwambia yote: sponji, utepe, khanga, na jinsi nilivyoyafungua siku ileile ili yakutwe wazi.

Alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Nilitegemea anitukane. "Karibu mwezi mzima nalala na ile kintu," alisema. "Nafungua ile bomba katika kichwa, nafunga, nafungua. Na wewe ulinipatia chai."

Nikamwomba msamaha. Akasema atafikiri. Kisha akasema na yeye ana lake, kwamba alijua mahali pake ni nje na hakupaswa kunikubalia kwa sababu tu mimi ni mama mtu mzima. Lakini hakulisema kunipunguzia. Alisema anataka kitu kimoja: niliposimama nikapigiwa makofi, nisimame palepale.

Jumapili, 29 Julai

Nimesimama palepale.

Niliongea Kiswahili changu cha Tanga, polepole, ili wote wafuate. Hakuna aliyepiga kelele. Kitenge nilikuwa nimekifua na kukikunja, nikakiweka mezani mbele ya mke wa mchungaji. Alikiacha hapo. Mzee mmoja wa kanisa alisema Mama Benita akitaka kwenda polisi watamsindikiza. Nikasema sitakana neno.

Mama Benita alikuwa mstari wa mbele. Nilipomaliza alikuwa anatetemeka mwili wote, si mikono tu. Aliniuliza mbele ya watu, "Wewe, Mama Samira? Mi nilikushikia kigoda." Kisha akalia kilio ambacho sitaki kukiandika. Kina mama wakamkumbatia. Mimi nilishuka ngazi peke yangu. Nje Cédric alinifungulia mlango wa teksi.

Nilijiambia, yamekwisha kusemwa. Atanichukia, na ni haki yake. Nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Jumatatu, 30 Julai

Asubuhi kaja jikoni na shuka mabegani, anatabasamu. Kanishika mikono yote miwili. "Mama Samira, aksanti. Wananiambia ni wewe ulivunja mlango. Bila wewe ningekufa."

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama machoni. Hakuna kitu.

Nikamkalisha nikamwambia tena. Akaniuliza, "Wewe, Mama Samira?" Akalia kilio kilekile, tangu mwanzo.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimemwambia tena leo. Na juzi.

Jumapili, 5 Agosti

Daktari anasema tungoje. Samira anampeleka kwa mtu wa mazoezi ya mikono huko Sandton kila Jumamosi. Mimi Samira ananisalimia, anakula nilichopika. Hajanifungulia mdomo wake ule wa utani tangu siku ya sponji.

Cédric amefunga kizimba cha mtungi uani. Kazi ya gesi hakuigusa, aliiacha kwa mwenye kadi, yeye kachomelea chuma tu. Watu wamerudi kwake. Kanisalimia, "Shikamoo, Mama." Sikuwa nimeitegemea.

Jumatano, 8 Agosti

Asubuhi tena kashukuru, nami nikavuta kiti nimwambie. Benita akaweka begi lake la shule chini, akanishika mkono wa gauni, akanivuta mpaka koridoni.

"Gogo, usimwambie tena."

Nikamwambia lazima mama yake ajue, ni haki yake.

"Anajua. Kila siku anajua. Halafu analia kama mpya, halafu anasahau, halafu wewe unalala." Maneno alikuwa anayatafuta moja moja, lakini aliyapata. "Wewe unalala. Yeye analia. Niambie mimi. Mimi sisahau."

Mtoto wa miaka kumi na moja. Nilichuchumaa pale koridoni nikamwambia yote, mpaka khanga, mpaka vitumbua. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbatia, hakulia. Akasema, "Sharp, Gogo," kama vijana wa huku wanavyosema sawa, akachukua begi lake akaenda shule.

Jumanne, 14 Agosti

Upepo na vumbi. Nimekaa kimya. Ni kazi ngumu kuliko kusema.

Jumamosi, 18 Agosti

Fundi kaleta cheti cha gesi. Kila chumba kimeandikwa. Ananiambia sasa nyumba yangu ni salama, mama, na nimwite kila mwaka. Nimekitia kwenye fremu nikakitundika koridoni. Kila nikipita nasoma tarehe yake.

Chumba cha uani kipo wazi, sijampangisha mtu. Kina mama wa maombi wamerudi, wanasalia sebuleni kwangu, madirisha wazi, wanamaliza saa tatu. Mma Seipati kaleta kiti chake akakaa kwa nje.

Jumatano, 22 Agosti

Idi ya kuchinja. Nimempelekea Cédric nyama. Kaipokea.

Jumamosi, 1 Septemba

Leo wanasema ni siku ya kwanza ya majira ya maua. Yasmini ya kwa Mma Seipati imefurika juu ya ukuta na harufu imeingia mpaka bafuni uani, kupitia matundu. Nilisimama mle ndani kidogo, nikatoka.

Mama Benita alitaka kunisuka. Tukakaa kwenye ngazi ya nyuma, mimi kwenye jamvi. Mikono imeanza kutii kidogo. Alianza mstari mara mbili tu. Umekwenda upande, ukapotea nyuma ya sikio, lakini ameufikisha mwisho na kuufunga. Nikamuuliza lile jina la saluni yake. Aliwaza sana. Akasema lipo, liko karibu, litakuja.

Kisha akaniwekea mikono mabegani. "Mama Samira, aksanti. Benita ananiambia ni wewe ulivunja mlango."

Benita alikuwa mlangoni, anakula chungwa. Alinitazama akatikisa kichwa, kidogo sana, hapana.

"Haya, mwanangu," nikasema.

Kesho atanishukuru tena.